MBA sasa au uzamili wa menejimenti? Jibu kwa msomaji mwenye barua mbili za udahili

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, nilimaliza shahada ya kwanza ya uchumi mwaka jana na sijawahi kuajiriwa. Nimepata nafasi mbili za kusoma biashara nje ya nchi. Moja ni MBA ya miezi 12 katika chuo binafsi Uingereza, niliyotafutiwa na wakala. Nyingine ni uzamili wa menejimenti wa miaka miwili katika chuo kikuu cha umma Ujerumani, unaofundishwa kwa Kiingereza. Hiyo niliomba mwenyewe. Wakala anasema MBA ndiyo yenye jina, na kwamba ada itakayobaki nitailipa kwa kufanya kazi nikiwa huko. Anataka malipo ya kushikilia nafasi ndani ya wiki mbili. Wazazi wako tayari kutoa akiba yao yote. Nichague ipi?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nafasi zote mbili, hasa ile uliyoihangaikia mwenyewe.

Nakupa jibu mapema ili usisome ukiwa roho juu: usilipe hayo malipo ya kushikilia nafasi. Nafasi ya Ujerumani ndiyo inayokufaa, ingawa ina deni lake, nalo ni lugha. Sababu zangu hazitokani na nchi ipi ni nzuri kuliko ipi. Zinatokana na siku ile utakapokuwa umeshika cheti, viza ya masomo inakaribia kwisha, nawe unatafuta mtu wa kukuajiri. Barua yoyote ya udahili inayoletwa kwangu naipima kwa siku hiyo.

Nianze na MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Shahada hii ilianza kutolewa na Harvard Business School, iliyofunguliwa mwaka 1908, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa shahada ya watu waliokwisha kufanya kazi. Darasa lake katika vyuo vingi huendeshwa kwa mikasa ya kampuni: mnapewa kurasa za habari kuhusu kampuni halisi iliyofika njia panda, mnazisoma usiku, na asubuhi mwalimu anauliza, "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Aliyewahi kusimamia ghala, kugombana na wasambazaji au kumwachisha mtu kazi ana la kusema. Asiyewahi kuajiriwa anabaki kurudia yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana AMBA, chombo cha London kinachotoa ithibati kwa programu za MBA, hutaka kila anayeingia awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Chuo kinachompokea kwenye MBA kijana ambaye hajafanya kazi hata siku moja kimekueleza jambo kuhusu chenyewe, na inafaa ulisikie. Tena waajiri wanaotafuta wahitimu wa MBA hutazama kwanza kazi ulizofanya kabla yake, ndipo watazame cheti. Ukiitumia sasa, utaingia kwenye foleni ya watu wa miaka 30 wenye rekodi, na utakapofika umri huo ukiwa na rekodi yako, hutakuwa na sababu ya kuirudia. MBA husomwa mara moja.

Uzamili wa menejimenti uliwekwa kwa mtu kama wewe hasa: ana shahada ya kwanza, hana uzoefu, anataka msingi wa fedha, masoko, mikakati na takwimu za biashara kabla ya kuingia kazini. Huo si mdogo wa MBA. Ni ngazi nyingine katika safari nyingine, na barani Ulaya waajiri wanaufahamu vizuri.

Sasa kuhusu wakala. Simwiti mwizi, simjui. Ila mwulize swali moja kwa upole: nani anakulipa? Vyuo vingi hulipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi aliyejiandikisha, na mara nyingi huwa ni asilimia ya ada ya mwaka wa kwanza. Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani visivyotoza ada havina fungu la kumlipa mtu huyo. Kwa hiyo hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kuna mlango ambao hana sababu ya kukuonyesha. Na wiki mbili alizokupa, hakikisha kwa chuo chenyewe kama ni zake au ni zao. Andika barua pepe kwa ofisi ya udahili, kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, wala usitumie ile aliyokutumia yeye.

Katika barua hiyo uliza mambo haya bila kuona haya. Je, chuo kina mamlaka ya kutoa shahada chenyewe, au shahada itatolewa na chuo kikuu kingine, na kipi? Vyuo binafsi vingi hufundisha tu, na jina litakalokuwa kwenye cheti ni la mwingine. Je, kimo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza ya wadhamini wa wanafunzi wenye leseni? Bila leseni hiyo hakiwezi kukupa CAS, namba ya udhamini ambayo ombi la viza halisogei bila hiyo. Je, viza ikikataliwa, malipo ya awali yanarudishwa yote, nusu, au hayarudi kabisa? Jibu la swali hili la mwisho nimeona likiwaliza wazazi wengi kuliko jambo lolote jingine katika shughuli hii.

Kwa upande wa Ujerumani kuna orodha ya umma iitwayo Hochschulkompass, inayoonyesha vyuo vya serikali na vile vinavyotambuliwa na serikali. Dakika tano zinatosha. Kisha uliza mamlaka ya nchini mwako inayotambua vyeti vya nje kama shahada hiyo inakubalika, kabla ya kusafiri, kwa maandishi.

Utasikia pia majina AACSB, ambayo ilianzishwa Marekani mwaka 1916, na EQUIS, inayosimamiwa kutoka Brussels. Hizi pamoja na AMBA ndizo ithibati tatu kubwa za shule za biashara duniani, na shule zenye zote tatu hujivunia kuwa na "mataji matatu". Zikiwepo ni ishara njema. Zisipokuwepo usiogope haraka, kwa sababu vyuo vingi vizuri vya umma Ujerumani havijawahi kuziomba. Orodha za ubora wa vyuo nazo zisome kwa kiasi. Orodha nyingi za shule za biashara huupa uzito mkubwa mshahara wa wahitimu, na mshahara hutegemea sana wahitimu hao walikuwa nani kabla ya kuingia.

Nije kwenye pesa, kwa kuwa hapa ndipo ahadi ya wakala inapovunjika.

Mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wengi hudhani kiangazi kitakuwa likizo na watafanya kazi saa zote. Kwa anayesoma uzamili wa mwaka mmoja, kiangazi ni kipindi cha kuandika tasnifu, na kisheria kinahesabiwa kuwa muhula, hivyo kikomo cha saa 20 kinaendelea. Juu ya hapo, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri. Mwanafunzi wa biashara mwenye hamu ya kufungua duka la mtandaoni, au kufanya kazi za kujitegemea kwa wateja, anavunja masharti ya viza hata kama anauza soksi tu. Saa 20 za mshahara wa chini hulipia chakula, usafiri na sehemu ya kodi ya chumba. Ada ya mwanafunzi wa kimataifa hazilipii. Sijamwona hata mmoja aliyefanikiwa kuilipa kwa njia halali, na niliowaona wakijaribu kwa njia ya kificho, wakifanya kazi usiku na kusinzia darasani, walipoteza masomo kwanza na viza baadaye.

Nchi nyingine ziko hivyo hivyo. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Marekani mwanafunzi wa F-1, yaani mwenye viza ya masomo ya nchi hiyo, hubaki ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea. Ujerumani, tangu Machi 2024, ni siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, na kazi za usaidizi ndani ya chuo chenyewe hazihesabiwi humo. Hakuna serikali hata moja kati ya hizo iliyopanga masharti yake ili kazi ya ziada ilipe ada.

Kuna pia pesa ya kuonyesha. Uingereza hutaka kiasi cha ada iliyobaki na cha kujikimu kiwe kimekaa kwenye akaunti yako au ya wazazi kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Hapo wengine hukopa pesa kwa mwezi mmoja, wapate taarifa ya benki, kisha wairudishe. Nakuomba usifanye hivyo. Hata kama ofisa wa viza hataigundua, utafika huko bila pesa ambayo serikali ilikwambia wazi kuwa utaihitaji. Ongeza tozo ya huduma za afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza ya mwanafunzi, inayolipwa yote pamoja na ombi.

Ujerumani ina utaratibu wake. Unafungua akaunti maalumu waiitayo Sperrkonto, unaweka euro 11,904 kwa mwaka mmoja, nayo inakuachia euro 992 tu kila mwezi. Kiwango hiki huongezwa mara kwa mara, kwa hiyo thibitisha kwenye tovuti ya ubalozi siku unayofungua. Faida yake ni kwamba pesa hiyo haiendi kwa chuo. Ni yako, ya kula na kulala. Vyuo vya umma vingi havitozi ada ya masomo, hutoza mchango wa muhula tu. Hata hivyo soma barua yako vizuri, kwa sababu jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza ada yake mwaka 2024. Angalia pia mji. Euro 992 za Leipzig zina pumzi. Za Munich huishia kwenye kodi ya chumba na bima ya afya, ambayo ni ya lazima.

Wazazi wako wanapotoa akiba, kaeni nao mezani na mpige hesabu ya mwaka wa pili kabla ya wa kwanza. Akiba yao ipo kwa sarafu ya nyumbani, gharama zako zitakuwa kwa euro. Sarafu ikishuka thamani katikati ya masomo, pengo ni lenu. Mimi hushauri familia iache theluthi ya akiba bila kuguswa. Kama mpango hauwezekani bila kuimaliza yote, basi mpango huo bado haujaiva, na kuahirisha mwaka mmoja ukifanya kazi ni uamuzi wa heshima kabisa. Vyuo kadhaa hukubali kuahirisha udahili, na vingine hutaka uombe upya. Uliza.

Sasa ile siku ya cheti.

Uzamili wa mwaka mmoja Uingereza huanza Septemba. Kampuni kubwa za uhasibu, benki na ushauri wa biashara hufungua maombi ya programu za wahitimu karibu wakati huo huo, nyingine hata mapema zaidi, na nyingi hufunga kabla ya Krismasi. Maana yake, wiki ile unatafuta shuka na unajifunza njia ya kwenda darasani, wenzako wanafanya majaribio ya mtandaoni ya waajiri wa mwaka ujao. Wanafunzi wengi wa kimataifa hugundua jambo hili Februari. Tasnifu inaisha Septemba, na baada yake kuna viza ya wahitimu ya miaka 2, ambayo kwa watakaoiomba kuanzia Januari 1, 2027 inashuka kuwa miezi 18. Ikiisha, lazima upate mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni na aliye tayari kulipa mshahara usio chini ya kiwango cha serikali. Chuo kisicho na jina, bila uzoefu wa kazi, kwa muda huo, ni mlima.

Miaka miwili ya Ujerumani inakupa kitu ambacho mwaka mmoja hauna: kiangazi cha katikati, na muhula mzima unaoweza kuutumia kwa mafunzo kazini. Kuna pia ajira waiitayo Werkstudent, ambapo mwanafunzi hufanya kazi ya fani yake, mara nyingi hadi saa 20 kwa wiki, ndani ya kampuni halisi. Nyingi ya ajira za kwanza ninazozijua zilianzia hapo: mtu alifanya kazi mwaka mzima kwenye idara ya ugavi au udhibiti wa bajeti, na alipohitimu meza yake ilikuwa tayari. Baada ya kuhitimu una miezi 18 ya kibali cha kutafuta kazi inayolingana na shahada, na katika muda huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote ujikimu.

Deni la lugha ni hili. Shahada yako itakuwa kwa Kiingereza, lakini ofisi haitakuwa kwa Kiingereza. Masoko, rasilimali watu, mauzo na uhasibu vinakaa ndani ya Kijerumani, kwa kuwa mteja, sheria ya kodi na mkataba wa kazi viko kwa Kijerumani. Uchambuzi wa data, fedha katika kampuni za kimataifa na baadhi ya kazi za ugavi zina nafasi zaidi kwa mwenye Kiingereza, nazo zina foleni yake. Ngazi za lugha Ulaya huanzia A1 ya mwanzo kabisa, kisha A2, B1, B2, hadi C2; lenga kiwango cha B2 kabla ya kuhitimu. Anza wiki hii, fika na A2 mkononi, na ukifika usikae tu na wenzako mnaoelewana kwa Kiingereza. Najua ninachokwambia kinachosha. Kati ya wahitimu wa biashara niliowashauri wakarudi nyumbani kutoka Ujerumani bila kazi, karibu wote walikuwa na alama nzuri, na karibu wote waliishia A1.

Darasani utakutana na mambo mawili ya kukushtua. Kwanza, kunyamaza kunakatwa alama. Mimi mwenyewe, muhula wangu wa kwanza nje, nilikaa kimya nikiandika kila neno la mwalimu, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyofundishwa kumheshimu. Alama ya ushiriki ilinirudia ikiwa ya chini kabisa darasani, nami nililia chooni. Baadaye nilijiwekea kanuni ya kuongea jambo moja katika kila kipindi, hata likiwa swali fupi, na ndani ya dakika 20 za mwanzo kabla woga haujakomaa. Ilinisaidia. Kazi za kikundi nazo zina alama za kweli, na ukiachiwa kazi yote au ukiachwa nje, mwambie mwalimu mapema kwa maandishi. Usisubiri siku ya kuwasilisha.

Pili, mitihani ya Ujerumani ina idadi ya majaribio, mara nyingi 3 kwa somo. Ukishindwa la mwisho katika somo la lazima unaondolewa kwenye programu, na mara nyingi huwezi kujiandikisha kwenye fani hiyo hiyo katika chuo kingine nchini humo. Alama yao bora ni 1.0 na ya kupita ni 4.0, kwa hiyo usifurahie 4.0. Somo linaloangusha wanafunzi wa biashara ni takwimu. Wewe wa uchumi una nafuu, ila rudia daftari zako za regresheni kabla ya kuondoka, na ujifunze programu ya R au Python kidogo kidogo.

Kama moyo wako bado una Marekani pembeni, kuna jambo moja dogo lenye uzito. Mhitimu wa F-1 hupata miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yake, na programu iliyosajiliwa chini ya sayansi na hisabati humwongezea 24. Ndani ya shule moja ya biashara, usimamizi wa jumla unaweza kukosa nyongeza hiyo na uchambuzi wa biashara ukaipata. Jina la programu, kwa hali hiyo, lina thamani ya miaka miwili.

Ufadhili nitaugusa kwa ufupi. DAAD ya Ujerumani na programu za pamoja za Erasmus Mundus zinafaa kwa hali yako, na baadhi za Erasmus Mundus ni za uchumi na menejimenti. Chevening ya Uingereza hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na kurudi nyumbani kwa angalau miaka 2 baada ya masomo; iweke akilini kwa MBA ya baadaye, ambayo nayo huigharimia kwa kikomo cha ada. Zote hizo huombwa bure. Anayekutoza pesa ya fomu ya ufadhili, mkimbie.

Kazi ya wiki hii ni hii. Soma barua ya Ujerumani uone kama udahili ni wa moja kwa moja au una masharti, na masharti hayo yana tarehe gani. Omba miadi ya viza leo, hata kabla nyaraka hazijakamilika, maana foleni ya miadi katika balozi huweza kula miezi. Mwambie wakala asante, kwa maandishi, na umwombe akurudishie nakala halisi za vyeti vyako kama anazo. Kisha wasomee wazazi wako barua hii, hasa sehemu ya theluthi ya akiba. Ukipata tarehe ya usaili wa viza niandikie tena, na uambatanishe barua yako ya nia ya masomo. Nitaipitia mstari kwa mstari.